Palipopinda Mstari

Karani alipuliza vumbi la mchwa,
akafungua daftari lililonuka panya.
Kidole chake kikashuka, kikashuka,
hakikukuta jina hata moja.
Manamba hawakuletwa Pongwe kwa majina.
"Namba yake unayo?"

Ninayo. Imekwaruzwa kwa msumari
ndani ya kifuniko cha sanduku la bati
lililorudi Kasulu mwaka wa nzige
mikononi mwa mtu aliyekataa kuketi,
akakataa hata maji,
akalitua mlangoni na kwenda zake.
Ndani mlikuwa na shati, na kitana, basi.

Elfu tatu mia moja kumi na saba.
Panga: limerudishwa stoo.
Kikombe: kimerudishwa stoo.
Blanketi: halikurudishwa. Shilingi nne, deni.

Nikausoma mstari ule mara tatu.
Hakuna palipoandikwa amekufa.
Blanketi ndilo lililoniambia,
halikurudi kwa sababu alikuwa ndani yake.
Babu wa baba yangu, Ntakije,
amelala katika sanda ya mkopo.

*

Mama Shemndolwa analima mihogo
ukingoni mwa shamba, kitalu cha tisa,
ambako trekta hazifiki.
Hakuniuliza kabila wala dini,
aliniuliza kama viatu vyangu ni vigumu,
maana miiba ya mkonge haina mgeni.

"Mawe hutayaona," alisema.
"Nani angewapa mawe?
Tazama mistari."

Nikatazama. Mkonge wa kampuni
ulipandwa kwa kamba ya mpimaji,
safu baada ya safu, umenyooka
kama wanaongoja kuitwa kazini.
Kisha hapa mmoja umetoka nje ya safu hatua moja.
Pale miwili. Kule sita, saba, imekaa ovyo
kama watu waliovunja foleni wakapige soga.

"Usiku waling'oa machipukizi ya bwana
wakampandia mwenzao kichwani.
Msimamizi akipita asubuhi anaona mkonge,
na nani atang'oa mkonge?
Palipopinda mstari, pana mtu."

Akarudi kwenye jembe lake.
Hakuwa na muda wa machozi yangu,
na kusema kweli hayakuwa yametoka.

*

Nilizihesabu mpaka arobaini na mbili, nikapotea.
Mingine imekwisha toa mlingoti, ikafa,
na mtoto wake kasimama palepale,
na mjukuu wake.
Ni upi? Nilikuwa nimekuja na maneno ya mtu mmoja,
nimeyakariri njia nzima, siku mbili za basi,
kutoka Kigoma hadi hapa.
Lakini 3116 naye yupo, na 3118,
huenda Mbena, huenda Mmakonde,
huenda kwao bado wanabishana
kama alioa huku akawasahau.

Nikasema "Bhwakeye" moja tu,
kwa sauti ya mtu aingiaye chumba chenye wengi,
atakayejua aitikie.
Upepo ukapita kwenye majani yale magumu.
Sitasema ni jibu. Majani yale
hulia hivyo kwa yeyote.

Mwiba ulikuwa umeshanipata, juu ya kifundo,
damu kidogo, na soksi imeganda.

*

Jioni nikampigia shangazi Nyanzobe.
Mtandao ulikatika mara mbili.
"Umemwona?"
Nimemwona, shangazi. Yuko na wenzake.
"Ana jiwe?"
Hana jiwe. Ana mkonge.
Akacheka, au akakohoa.
Nikamsomea daftari: panga, kikombe.
Nilipofika kwenye blanketi alinyamaza
mpaka nikadhani salio limekwisha.

Miaka yote hiyo, mama yake
hakuliweka komeo mlango wa nyuma,
na aliyemrithi nyumba hakuliweka,
na yeye shangazi halali akiwa ameliweka.

"Hizo shilingi nne," akasema,
sauti ya mtu anayetafuta pochi gizani,
"muulize karani
analipwa nani siku hizi."